Msimu wa Maulidi Umekaribia: Nani Ataitikia?

Usiku wa Jumatano iliyopita, baada ya sala ya Isha, nilialikwa na vijana wa kikundi kimoja cha kasida hapa Mji wa Kale, Mombasa, nikawasikilize wakifanya mazoezi yao. Mwezi wa Mfungo Sita umekaribia, na kikundi kinajitayarisha kwa msimu wa maulidi. Nilipofika barazani nilipokewa kwa heshima, nikaletewa mto wa kuegemea na kikombe cha kahawa chungu. Kiongozi wao akanikalia karibu, akanipa karatasi yenye ratiba ya msimu mzima, akaniambia, "Ami, tuandikie gazetini watu wajue, waje kwa wingi."

Nikamjibu kwamba nitaandika inshallah, lakini kwa sharti moja: nitaandika niliyoyaona na ninayoyaona mimi, wala sitaandika tangazo. Akacheka, akasema hapana tabu. Basi leo natimiza ahadi hiyo, na jina la kikundi chenyewe naliweka kando kwa sababu nitakayoyasema hayakihusu kikundi kimoja. Yanahusu vikundi vingi vya kasida katika mwambao wetu, toka Vanga hadi Lamu.

Kwanza nawapa haki yao. Vijana hawa wapata 25, na hakuna hata mmoja anayelipwa. Yumo fundi cherehani, yumo karani wa bandarini, yumo muuza samaki, wamo wanafunzi wa shule na wa madrasa, na yumo mzee mmoja wa makamo anayewasahihisha matamshi ya Kiarabu. Wanakutana usiku mara mbili kwa wiki, kila mtu kisha kuchoka na kazi zake. Kanzu wanashona kwa mchango wao wenyewe. Katika zama hizi ambapo kijana ana njia elfu za kuupoteza usiku wake, kijana anayechagua kuutumia kwa kumsalia Mtume ni wa kuombewa dua kabla ya kukosolewa.

Ratiba yao nayo ni nzuri. Kuna nyusiku za misikitini, kuna nyusiku za majumbani kwa waliowaalika, na mwisho wa mwezi kuna safari ya Lamu. Katikati ya hayo, hata hivyo, kuna usiku mmoja ambao kwenye karatasi umeandikwa kwa herufi kubwa kuliko zote. Ni usiku wa ukumbini: kwa tiketi, kwa jukwaa, kwa taa za rangi, kwa kinanda cha umeme na vipaza sauti vilivyokodiwa. Na nilipoyasikiliza mazoezi nikatambua kwamba msimu wote unatayarishwa kwa ajili ya usiku huo mmoja. Kasida zimekatwa zikawa fupi. Milango ya Barzanji imepunguzwa ikabaki mitatu. Sauti za kuitikia zimerekodiwa mashineni, zikitoka zinatoka zimejaa na kupangika, na waitikiaji walio hai wanafungua vinywa juu yake.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo lililonipata mwaka jana, na ambalo halijanitoka moyoni mpaka leo.

Nilikuwa nimealikwa katika maulidi makubwa, sitasema wapi. Vipaza sauti vilikuwa vimepangwa juu kwa juu kama masanduku ya chai. Mimi nilikaa nyuma, na kando yangu alikaa mzee mmoja ambaye nilimjua tangu utotoni mwangu. Mzee huyu katika ujana wake alikuwa muitikiaji hodari. Akiitikia yeye msikiti wote unamfuata. Kasida ikaanza. Nikamwona amejiweka sawa, amepangusa midomo kwa kitambaa, amefumba macho. Kiitikio kilipofika akafungua kinywa. Wakati huo huo mashine ikapiga mngurumo wake, sauti ya mzee nisiisikie hata mimi niliyegusana naye bega kwa bega. Akajaribu mara ya pili. Mara ya tatu akafunga kinywa, akaweka mikono mapajani, akawa anatazama jukwaani kama watu wengine wote.

Tulipokuwa tukitoka nikamshika mkono, nikamuuliza, "Baba, maulidi yalikuwaje?" Akanijibu taratibu, "Mazuri mwanangu, Mungu awalipe. Lakini mimi sikuona pa kuitikia."

Mzee huyo hakuuona mwaka huu. Mwenyezi Mungu amrehemu. Maneno yake ndiyo yaliyonifanya niishike kalamu.

Kwa wasomaji ambao hawakulelewa na mambo haya, nieleze kidogo. Maulidi ya kwetu hayakupangwa kwa ajili ya mtu kukaa akatazama. Msomaji mmoja anasoma mlango, anapofika mwisho wake watu wote wanajibu kwa dua inayorudiwa. Anasoma wa pili, wanajibu tena. Baina ya mlango na mlango kasida inaletwa: kiongozi anatoa ubeti, waliokaa wanarudisha kiitikio. Kikifika kisa cha kuzaliwa Mtume, sala na salamu zimshukie, watu wote wanasimama, tunaita kiyamu, na hapo huwezi kumjua msomaji ni nani na msikilizaji ni nani. Mtoto anapita na mrashi akiwanyunyizia watu marashi, mwingine anapita na chetezo cha ubani na udi. Kisha dua, kisha halua na kahawa, au sinia la pilau kwa mwenye uwezo. Hesabu yenyewe ya usiku mzima ni hii: msomaji mmoja, waitikiaji mia. Ukiondoa kuitikia umebakiwa na mtu mmoja anayesoma kitabu.

Na kuitikia ndiko kulikotufunza sisi. Mimi niliingia chuo cha Kurani nikiwa mdogo, na kabla ya kuimaliza juzuu ya Amma nilikwishajua viitikio visivyopungua kumi. Hakuna mwalimu aliyenikalisha akanifunza. Nilikaa kwenye jamvi baina ya magoti ya watu wazima, wakiitikia nami nikaitikia, nikikosea hakuna aliyejua ila Mungu. Mwaka wa pili sikukosea. Mwaka wa nne nikapewa ubeti wangu nitoe, kwa sauti inayotetemeka, na watu wazima mia wakanirudishia kiitikio kama kwamba niliyetoa ni sheikh. Ushairi wangu wote, ukiuchimba mpaka chini, utalikuta jamvi lile. Mizani niliijua kwa pumzi kabla sijajua kwamba inaitwa mizani. Vina nilivijua kwa sikio kabla sijavisoma kitabuni.

Sasa nauliza: mtoto wa leo anayepelekwa ukumbini, akakaa kwenye kiti cha plastiki cha safu ya 14, akatazama jukwaa lenye moshi wa rangi, atajifunza lini? Atatoka pale amefurahi, na huenda akapiga picha kwa simu ya babake. Lakini atatoka kama alivyoingia, hana hata ubeti mmoja ulio wake.

Vijana nilipowaeleza haya walinijibu, na majibu yao yana uzito. Sitakuwa mwadilifu nisipoyaleta hapa.

Jibu lao la kwanza ni kwamba watu hawaji. Walisema, "Ami, mwaka juzi tulisoma milango yote, kwa namna ya zamani, msikitini tukabaki sisi na wazee kumi. Mwaka jana tulipoleta kinanda na taa, ukumbi ukajaa." Kweli hiyo siwezi kuikana. La pili ni kwamba mashine si jambo jipya. Kipaza sauti kimo misikitini miaka mingi sasa, na kabla ya hapo walikuwapo watu wa santuri. Hata Siti binti Saad wa Unguja, aliyesifika kwa sauti yake katika taarabu, alipelekwa Bombay mwaka 1928 akatia sauti yake katika sahani za santuri, na dini haikuharibika. Na la tatu ni fedha. Bila tiketi, nauli ya Lamu itatoka wapi?

Nianze na hilo la mashine. Mimi si adui wa mashine. Kipaza sauti anapopewa msomaji, ili bibi mgonjwa aliye ghorofani asikie mlango unasomwa, hicho ni kheri. Santuri nayo iliichukua sauti ya mwimbaji ikaipeleka mbali, mpaka kwa mtu aliyekuwa hana njia ya kuifikia. Tofauti ni kwamba mashine niliyoiona Jumatano haimsaidii muitikiaji. Imekaa mahali pake. Inafanya ile kazi ambayo ilikuwa ya mzee yule na ya mtoto aliye jamvini, na inaifanya vizuri zaidi kuliko wao, ndiyo maana wao wamenyamaza. Mtu hushindana na jirani yake kwa sauti. Hawezi kushindana na kipaza sauti cha urefu wa mlango.

Ama lile la watu kutokuja, hapana budi tulitazame kwa undani. Ukumbi umejaa, ni kweli, lakini umejaa watazamaji. Mwaka huu wamekuja kwa ajili ya taa. Mwakani jirani atakuwa na taa nyingi zaidi, watakwenda kwa jirani. Mwenye kuitikia hahami, kwa sababu ana fungu lake katika shughuli. Asipokuja anajua kuna sauti moja imepungua. Msikiti ulibaki na wazee kumi si kwa kuwa Barzanji ni ndefu. Ulibaki na wazee kumi kwa sababu kwa miaka mingi tuliacha kuwaweka watoto jamvini, tukawapeleka nje wakacheze wasitusumbue, na sasa wamekuwa watu wazima wasiojua kuitikia. Mtu hakai saa mbili katika shughuli asiyokuwa na neno la kusema.

Tuitazame historia yetu wenyewe, maana jambo hili limetupata zamani. Vitabu tunavyovisoma ni vya nchi mbalimbali. Burda na Hamziya ni tungo za al-Busiri wa Misri, wa karne ya 13. Barzanji ni ya Sayyid Jaafar al-Barzanji wa Madina, wa karne ya 18. Ile tunayoiita Maulidi ya Habshi ilitungwa na Habib Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun, Hadhramaut, aliyefariki mwaka 1915. Vitabu hivyo vilifika katika miji yetu vikiwa Kiarabu kitupu, na elimu ya kuvisoma ikawa ni ya nyumba chache zenye nasaba na mali. Mtu wa kawaida alikaa mbali akasikiliza.

Akaja Habib Saleh. Sharifu huyu, mzaliwa wa Ngazija, alihamia Lamu, na mwanzoni mwa karne ya 20 ulisimama Msikiti wa Riyadha, upande wa Langoni. Alikaa na wanyonge, akawafunza watu ambao wakubwa wa mji hawakuona kama wanastahili kufunzwa, wakiwamo waliotoka katika utumwa na wana wao. Akaileta Maulidi ya Habshi, na ikasomwa kwa matwari, kwa sauti za watu wote. Wakubwa wengine wa mji walikasirika. Lakini maulidi yale yakasimama, na mpaka leo kila mwisho wa Mfungo Sita watu huja Lamu kutoka pande zote za Kenya, kutoka Tanzania, Visiwa vya Ngazija na kwingineko. Siku hizi kuna na mashindano ya punda, ya mashua, ya kuogelea na ya kuandika hati, na mambo hayo yana furaha yake. Lakini mtu aliyewahi kukaa Riyadha usiku ule, matwari yakalia na safu zikayumba pamoja kama mawimbi ya maji kujaa, anajua kilichomleta. Amekwenda kuwa mmoja katika walioitikia.

Sasa tufikirini. Mlango ambao Habib Saleh aliufungua kwa mnyonge, sisi tunaufunga kwa tiketi na jukwaa. Zamani aliyekaa mbali akasikiliza alikuwa ni yule asiyekuwa na nasaba. Leo aliyekaa mbali akasikiliza ni yule asiyekuwa na kipaza sauti. Tumelirudisha jambo kule lilikotoka, na tumelirudisha kwa michango yetu wenyewe.

Najua wako ndugu zetu Waislamu wanaoona kwamba maulidi yenyewe hayana asili katika dini. Mjadala huo una wenyewe, nao ni maulamaa. Mimi si mtu wa kuuamua katika ukurasa wa utamaduni. Maneno yangu leo ni kwa wale wanaosoma. Hao nawaambia: ikiwa tunasoma, basi tusome kwa namna ambayo mtu akitoka awe amefanya ibada kwa ulimi wake mwenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo wazee wenzangu hawatalipenda, lakini sitalificha. Kosa si la vijana peke yao. Mimi niliisoma Barzanji miaka karibu kumi kabla ya kujua maana ya nusu ya maneno yake. Nilipouliza niliambiwa, "Soma, maana utazijua mbele." Mbele kwenyewe nilifika mwenyewe, kwa kutafuta vitabu na kuwasumbua walimu. Wenzangu wengi hawakufika. Je, ni ajabu kijana wa leo akiona kwamba maneno asiyoyaelewa ni sawa kuyakata? Angejua kwamba mlango alioukata ndimo mlimosimuliwa utoto wa Mtume, yatima aliyelelewa kwa mayaya, mkono wake ungetetemeka kabla ya kuukata.

Na wazee wetu wa zamani hawakuwa wavivu kama sisi katika jambo hili. Sayyid Aidarus bin Athman wa Pate aliichukua Hamziya akaitia Kiswahili, beti kwa beti, na kazi yake ni miongoni mwa tungo kongwe tulizonazo. Mwenye Mansabu wa Lamu, katika karne ya 19, naye aliitia Barzanji Kiswahili ili watu wapate kujua wanachokisoma. Hawakuona kwamba Kiswahili kinaipunguzia Barzanji heshima. Basi sisi tunashindwa nini, kila mlango ukisha kusomwa Kiarabu, kumsimamisha kijana mmoja akausimulia kwa Kiswahili kizuri dakika tatu? Nimeona maulidi mangapi ambapo dakika 20 zimetumika kumshukuru mheshimiwa aliyechangia viti!

Halafu kuna kina mama. Katika mwambao huu wanawake wana maulidi yao majumbani, wanasoma wenyewe na kuitikia wenyewe, na ningali nazisikia sauti za shangazi zangu zikishuka kutoka darini jioni za Mfungo Sita. Mtoto mdogo wa Kiswahili husikia kasida ya kwanza kwa mamake, kabla hajaisikia kwa mwalimu. Lakini katika ratiba niliyopewa, kina mama wametajwa mahali pamoja tu: upande wa mapishi. Nikamuuliza kiongozi kwa nini. Akaniambia kwa haki kabisa kwamba hakuna aliyelifikiria. Basi lifikirieni. Usiku mmoja wa msimu uwe wao, kwa stara na adabu zao, na watoto wakae nao wasikie.

Sikutaka kulaumu nikaenda zangu, kwa hivyo haya ndiyo niliyowashauri, na ndiyo ninayovishauri vikundi vingine.

La kwanza, kipaza sauti kibaki kwa msomaji na kwa kiongozi wa kasida. Waitikiaji wasipewe, wala sauti ya kuitikia isitoke mashineni. Kama kiitikio ni dhaifu usiku wa kwanza, kiwe dhaifu. Watu wakisikia udhaifu wataingia kuusaidia.

La pili, viti viondolewe na majamvi yarudi, ila kwa wagonjwa na wazee wa magoti. Mtu aliye kwenye jamvi amekaa na watu. Aliye kwenye kiti amekaa akitazama migongo.

La tatu, watoto wasiwekwe nje. Wapewe safu zao, na kila kikundi kichague kasida mbili za msimu ambazo zitarudiwa kila usiku, msikitini na majumbani, mpaka kila mtoto wa mtaa azijue. Kikundi chetu kina kasida 18 katika ratiba, na hakuna hata moja inayorudiwa mara ya pili. Mtu atazishika lini?

La nne, zile tuni za filamu na za nyimbo za mapenzi zilizovishwa maneno ya kumsifu Mtume, ziachwe. Kijana anadhani anawavuta watu kwa tuni wanayoijua. Lakini tuni huja na kumbukumbu zake, na kichwa cha msikilizaji kinakwenda kwenye filamu. Tuni za kasida tunazo nyingi, na wazee wanaozijua wanapungua kila mwaka. Simu hizo hizo mlizo nazo mifukoni zitumieni hapo: nendeni kwa mzee mmoja mmoja, rekodini, andikeni, kabla hatujawafuata makaburini.

La tano ni fedha. Nauli ya Lamu na ichangishwe wazi mtaani, hesabu isomwe wazi msikitini. Mtaa uliowahi kujenga misikiti kwa vibaba hautashindwa na nauli ya watu 25. Tiketi humfanya mtu anunue burudani, na aliyenunua burudani haoni haja ya kuitikia.

Nilipokwisha kusema walinyamaza kidogo. Nikawaomba wanisomee kasida moja tu, ya zamani, bila ya mashine. Wakatazamana. Aliye kwenye kinanda akakizima. Kiongozi akatoa ubeti, na kwa kweli kiitikio cha kwanza kilikuja vibaya: wengine mbele, wengine nyuma, kila mmoja akimngojea mwenzake, kwani wamezoea kuongozwa na sauti isiyokosea. Kiitikio cha pili kikawa afadhali. Cha nne kikakaa sawa. Hamali mmoja aliyekuwa akipita na mkokoteni wake akasimama kwenye njia ile nyembamba, akaitikia mara mbili kwa sauti nene ya mtu wa kazi, kisha akashika mkokoteni akaenda zake.

Hakuna aliyesema neno. Kiongozi akaniambia kwamba kamati itakaa Ijumaa. Sijui kamati itaamua nini, na tiketi nyingine, nasikia, zimekwisha kuuzwa. Lakini mimi nimekwisha kumwambia kiongozi kwamba usiku wa ukumbini atanisamehe, na zile nyusiku za msikitini nitakuja zote, nikae pale nyuma alipokuwa akikaa mzee wangu. Nawe msomaji, ukiwa karibu, njoo. Usijali kama sauti yako si nzuri.

Nawaaga vijana wangu kwa beti mbili:

Vijana nawausia, msimu u malangoni,
Sauti mkizitia, msizibe za pembeni,
Wa nyuma kiitikia, naye yumo kasidani,
Kasida ni kwitikia, si kutazama vitini.

Maneno yafasirini, kwa lugha tunayojua,
Watoto wafundisheni, ya kale kuyatambua,
Na kina mama wa ndani, nao wasije pungua,
Kasida ni kwitikia, si kutazama vitini.